Kura Niliyoipiga Dhidi Yako

Mdogo wangu,

Leo mchana imeingia habari kutoka Marekani kwenye meza yangu hapa mtaa wa Olaya, Riyadh: tuzo ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika besiboli amepewa mtu ambaye timu yake imemaliza msimu ikiwa mkiani. Mhariri ameniomba aya nne. Kabla sijaandika hata moja nilichukua simu nikupigie, nikingoja lile cheko lako na "Sikukwambia, kaka?" Simu yako haiiti. Imekuwa hivyo tangu uingie mahali pale Jeddah.

Ndiyo maana nakuandikia hapa, kwenye ukurasa ambao dada zetu wa Riyadh na Jeddah husomeana kwa simu za kuazimana. Jina lako sitalitaja, wala la shule yako, wala la timu, wala la mtaa wenye ukuta mlikokuwa mkicheza. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Naogopa, na mtu anayeogopa huandika kwa uangalifu. Ukiisoma utajijua.

Unaikumbuka likizo ile ya kwanza? Ulitoka shule ya bweni Ukambani ukarudi Likoni na mchezo ambao mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuuona. Ulichuchumaa uani nyuma ya ndoo ukanieleza kazi ya mdakaji. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, uso ndani ya barakoa ya chuma. Wenzake wote wamemkabili yeye. Ni yeye peke yake anayeuona uwanja mzima. Ndiye anayemwambia mrushaji la kufanya, kwa vidole, katikati ya magoti, mpigaji asione. Kidole kimoja: rusha, njia iko wazi. Ngumi: usirushe, subiri.

Ishara hizo ukazileta mezani kwa baba. Akiwa na hasira, nami nikitaka kufungua mdomo nijitetee, naiona ngumi yako juu ya goti, nanyamaza. Hasira zikimtoka, naona kidole kimoja, naomba mchuzi. Hadi leo mama hajui kwa nini tulikuwa tukicheka tumeinamia sahani.

Mwaka wako wa mwisho nilikuja kukutazama kwenye mashindano ya mkoa. Nilikuwa mwandishi tayari, na nilijiona najua. Timu yenu ilifungwa mechi zote. Mrushaji wenu alikuwa akirusha kama mtu anayewatupia kuku mtama, mmoja huku, mmoja kule, na wewe uliifuata yote kwa magoti, vumbi hadi kwenye nyusi. Kikombe cha mchezaji bora kilikwenda kwa msichana wa timu bingwa. Njiani nikakwambia kwamba ndivyo mambo yalivyo: ubora wa mchezaji hupimwa kwa alichowaletea wenzake, na wewe wako hukuwaletea kitu. Hukulia. Uliniuliza swali ambalo umeendelea kuniuliza kwa miaka, kwa sauti ile ile ya kutotaka ugomvi.

"Bila mimi tungefungwa ngapi?"

Mimi ndiye niliyetangulia Riyadh. Gazeti la Kiingereza lilihitaji mtu wa meza ya michezo, na besiboli nikapewa mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua inavyochezwa. Mimi nilikuwa nimefundishwa uani kwetu. Kisha mawakala wakashuka pwani wakikusanya wasichana kwa mafungu, kila mtaa una binti anayefuata pasipoti, na wewe ukaja. Ulisema angalau tutakuwa mji mmoja. Tulikuwa mji mmoja, na mwaka mzima nilikuona mara moja, mlangoni mwa duka la dawa, umebeba mtoto wa watu. Tulisalimiana kwa macho kwa sababu madam alikuwa nyuma yako.

Simu ulikuwa ukiipata Ijumaa mchana, wenyewe wakiwa wamelala. Ulinong'ona kutoka chumba cha kufulia, na tulibishana habari za besiboli kwa sababu mengine yote yalikuwa mazito. Nilikusomea ripoti zangu. Nikisema fulani hastahili tuzo, timu yake haikufika popote, unaniwakia.

"Kaka, sikiza," ulinambia siku moja. "Nyumba hii ni timu ya mwisho. Baba hasemi na madam, watoto wapigana kutwa, bibi hataki kula. Humu hakuna anayeshinda kitu. Lakini niumwe mimi siku moja tu, uone kama watafika magharibi."

Nikakujibu kwamba nyumba si ligi.

"Haya, ligi ni nini?" ukauliza. Mashine ya kufulia iliyokuficha sauti ikazima, nawe ukakata simu.

Wenzangu hapa ofisini husema mimi sishtuki. Nimeandika habari za mafuriko, za majengo yaliyoanguka, za uwanja uliowaka moto watu wakiwa ndani, na kila moja niliifikisha kwa wakati. Siku uliyotoka nyumba ile sikuandika hata mstari. Madam alikuwa amekuazimisha kwa mama yake, kisha kwa dada yake, na huko kwa dada yake mlango ukawa unafungwa kwa nje. Lango lilipofunguliwa kuingiza lori la maji ulikuwa uani unafagia, ukatoka nalo, baibui juu ya nguo za kazi. Kafili, mwajiri aliyekudhamini, akakuandikisha mtoro siku ile ile, na ikama yako, kibali cha kukaa nchini, ikafa. Ulinipigia kutoka mtaa wa Manfuha, chumbani kwa wasichana wa Kihabeshi na Wakenya wawili, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Usije." Ulijua kama ninavyojua: anayemhifadhi mtoro huondoka naye. Nilikuja mara chache, nikiegesha gari mbali, nikitembea kama mtu aliyefuata mkate wa tanuri. Kila gari jeupe lililopunguza mwendo nililidhani la polisi.

Wakati huo nilikuwa naandika aya mbili tatu kila wiki kuhusu ligi ya softiboli ya wanawake wa Kifilipino, wauguzi na makarani, waliocheza Ijumaa ndani ya mtaa wa wageni nje ya mji. Softiboli ni mdogo wake besiboli, mpira mkubwa zaidi na uwanja mdogo zaidi. Nilikutajia kwamba timu ya mwisho imempoteza mdakaji, amerudi kwao na kuwaachia barakoa yake. Nilikutajia kama habari. Ijumaa iliyofuata ulikuwa ndani ya basi lao dogo.

Nilikuuliza kama akili zako ni timamu.

"Nimechoka kukaa kama gunia," ukasema. "Langoni mlinzi aangalia basi, haangalii watu. Na uwanjani uso wangu umo ndani ya chuma. Niambie wapi pengine katika nchi hii naweza kujificha nikiwa napiga kelele."

Tangu hapo sikuwa na Ijumaa ya kupumzika. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi nikitazama lango. Nilijua kituo cha ukaguzi kiko wapi barabarani, na basi likichelewa nilikuwa tayari nimekuona umeshushwa. Mkiingia, mnavua mabaibui, mnavaa kofia, na wewe unashusha barakoa kabla hata hujakanyaga nyasi. Kisha, kwa muda, nasahau kuogopa, kwa sababu hakuna anayeweza kukutazama ukicheza na akakumbuka kitu kingine. Nakumbuka siku mkimbiaji mwepesi wa timu pinzani alipojaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Hukusimama hata kidogo. Uliutupa mpira ukiwa bado umepiga magoti, nao ukapita karibu na sikio la mrushaji wenu, ukamsubiri yule dada kituoni kama mtu aliyefika zamani. Alibaki ameshika kiuno akikutazama. Luz, nahodha wa timu bingwa, muuguzi ambaye mkono wake wa kurusha ulijulikana Riyadh nzima, akakupa jina la Ukuta. Timu yenu ilibaki ya mwisho, ila wengine wakaacha kuifunga kwa raha.

Ligi ile ina desturi yake. Msimu ukiisha, watu watatu hujifungia na kuchagua mchezaji bora: mzee wa Kimarekani, mhandisi, ambaye sote tulimwita Kochi, bwana mmoja wa Kifilipino anayeandika pointi, na mwandishi wa habari. Aliyechaguliwa huletwa mbele ya wote, hupewa mpira wa mwisho wa fainali, hupigwa picha, na picha hupandishwa mtandaoni siku hiyo hiyo, uso wazi. Hilo wanalipenda kuliko mpira wenyewe, maana nyumbani Manila kuna mama anayesubiri kuiona.

Ofisi iliyokuleta wewe nayo ilikuwa ikisubiri picha za namna hiyo. Ilikuwa na mtu wa kupekua kurasa akitafuta nyuso. Msichana mmoja wa chumba chenu alipatikana kwa picha ya sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake, amesimama pembeni na sahani ya keki.

Siku ya fainali ulinifuata kwenye pipa la maji, ukajifanya unajaza chupa.

"Kaka, Kochi aniangalia vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Apenda nichezavyo. Tuzo ataka kunipa mimi."

Kukataa kungehitaji sababu, na sababu ndiyo tuliyokuwa tukiificha. Wenye mtaa wangejua kwamba mtoro ameingia langoni Ijumaa zote zile, ligi ingefungwa, na wale wauguzi waliokubeba kwenye basi lao wangehojiwa, na ikama zao zingekuwa hatarini. Nilikuwa bado napanga maneno ulipoyakata.

"Nenda ukaniangushe," ukasema. "Yale maneno yako ya zamani, ya timu iliyoshinda. Leo yana kazi."

"Na nikishindwa?"

Ulifunga chupa. "Basi nimekwisha, kaka. Usishindwe."

Chumba walichotupa kilikuwa na dirisha linalotazama uwanja. Nilichagua kiti cha kukuona. Ulikuwa kwenye benchi na wenzako, barakoa imekaa juu ya paja, na ngumi yako juu ya goti.

Kochi alianza. Alisema ni yule binti wa Kenya, na tusipotezeane muda, chakula kinapoa. Nikasema siafiki. Nilisema mchezaji bora lazima atoke kwenye timu iliyoshinda kitu, kwa sababu mchezo una lengo moja na walio mkiani hawakulifikia. Kochi alivua miwani. Alisema amekuwa akitazama mpira huu tangu utotoni na hajaona upuuzi unaosemwa kwa adabu namna hii. "Mwondoe yule mdakaji," akasema, "halafu niambie wangefungwa ngapi."

Unajua nilivyojisikia? Mzee wa watu, kutoka upande wa pili wa dunia, alikuwa amelichukua swali lako na kuniuliza mimi, na mimi jibu lake nilikuwa nalijua, na kazi yangu ilikuwa kulipinga. Nilimwambia hesabu ya kushindwa kidogo haipo kwenye vitabu. Akaniambia vitabu vimeandikwa na walioshinda. Alikuwa akishinda yeye, mdogo wangu. Kila nilipotazama nje niliona ngumi.

Nikaiacha hoja, nikashika watu. Nilisema wale wa timu bingwa wamefanya mazoezi kiangazi chote wakitoka zamu hospitalini, na tukimpa mtu wa timu ya mwisho tunawaambia kwamba jasho lao ni pambo tu. Nilisema Luz ana mama anayengoja picha. Nilimtazama mwandika pointi nikilisema hilo. Mkewe alicheza timu bingwa, na alikuwa na safari ndefu ya kurudi naye nyumbani katika gari moja. Alikohoa, akasema mwandishi ana hoja. Kura mbili kwa moja. Kochi alivaa miwani akatoka bila kuniaga.

Nilipogeukia dirisha ulikuwa umeshamwona Kochi anavyotoka, na kidole kimoja kilikuwa kimenyooka juu ya goti lako.

Pumzi niliyoishusha haikufika mbali. Luz aliitwa mbele, akapigiwa makofi, akapewa mpira. Mpiga picha akamwambia atabasamu. Badala yake akauinua mpira akasema kwa Kiingereza chake kizuri cha wodini kwamba yeye ni mtu wa haki, kwamba amerusha msimu mzima na kuna mtu mmoja tu aliyemfanya aogope. Akaja hadi kwenye benchi lenu, akakushika mkono. Wote wakasimama wakiita Ukuta, Ukuta. Ni watu wema. Sijawahi kuogopa wema kama siku ile. Mpiga picha alikuwa ameshapiga goti, na nyuma yake simu zilikuwa zimeinuka kama msitu.

Nilitaka kupita mbele ya kamera nijifanye nimeanguka. Ulinitangulia.

Wewe ulisimama taratibu kama mtu anayeitwa kula. Ulipokuwa ukisimama mkono wako wa kushoto ulipanda, barakoa ikashuka usoni, na ulipofika kwa Luz ulikuwa mdakaji tu, chuma na kofia. Ulichuchumaa miguuni pake, glavu mbele, kama unayeusubiri mpira wake. Uwanja mzima ukacheka. Walidhani ni mzaha, na picha ikapigwa hivyo: Luz ana meno yote nje, na wewe huna uso.

Kochi alinipita nikielekea kwenye gari. "Umebishana vizuri sana," akasema, "kwa mtu asiyeamini hata neno moja." Alitazama upande wa basi lenu, akanitazama mimi, na hakuuliza kitu. Nadhani alielewa. Sijui, hiyo ni dhana.

Picha ilipanda mtandaoni. Kabla wiki haijaisha, mtu asiye na sura wala jina la maana aliandika chini yake kwa Kiswahili: huyo wa barakoa ni wa kwetu? Madam wake nani? Uliiona kabla yangu. Hukurudi tena uwanjani, na chumba cha Manfuha mkakihama.

Ndipo ukatangazwa msamaha kwa wasio na karatasi: ajitokezaye mwenyewe achukuliwe alama za vidole, arudi kwao. Wenzako walisema kituo cha kurudisha watu makwao cha Jeddah kinasafirisha upesi kuliko cha Riyadh. Nilikusihi tungoje tuhakikishe. Ulisema umengoja vya kutosha nyuma ya mlango wa mtu. Mlifika salama, ukalala kwa Bi Zuwena, yule bibi wa Kizanzibari ambaye wazee wake walihamia huko baada ya mapinduzi, na kutoka kwake ukanitumia sauti: "Kaka, kesho naingia. Simu wachukua. Usije huku, tafadhali."

Nilivumilia nilivyoweza. Juzi nilipanda ndege nikaja.

Bi Zuwena alinitilia kahawa, akanitolea barakoa iliyofungwa kwenye kitambaa cha kuswalia. "Kaniachia hichi," akasema. "Kasema kina mwenyewe Riyadh. Mie sijui kitu gani hichi, kama tenga la kuku." Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba wanaoingia mle wengine hutoka siku ya tatu na wengine husahauliwa, na kwamba anakuombea kila swala kwa jina lako. Nilimwomba aendelee kuomba, ila apunguze sauti akifika kwenye jina.

Lile jengo la kituo liko nje ya mji, mbali na barabara kuu. Askari wa langoni aliniambia kwa Kiarabu mafi, hakuna habari, ondoka. Nilirudi barabarani nikasimama kwenye kivuli cha kibao cha matangazo. Mabasi mawili yalitoka kuelekea uwanja wa ndege, yote na mapazia. La pili, dirisha la nyuma, pazia lilikuwa limesogea na mkono umegusa kioo. Kidole kimoja kilikuwa kimenyooka. Basi halikupunguza mwendo.

Ningekuwa nimeiandikia gazeti habari hiyo, mhariri angeifuta. Ulikuwa mkono wa mwanamke. Pengine aliegemea tu kioo. Pengine alikuwa akimwonyesha mwenzake kitu, au akifuta vumbi. Uso sikuuona. Siwezi kuandika kwamba ulikuwa wewe.

Mama hajapiga simu. Mtu aliyeshushwa Nairobi na nguo alizovaa, bila simu, anaweza kuchelewa njiani kabla hajafika Likoni. Najiambia hivyo kwa sababu nataka iwe hivyo. Yako mengine yanayowezekana, na kazi yangu imenifundisha yote. Kila simu inayolia ofisini hapa, hata ya mezani kwa mwingine, inanisimamisha. Vijana wameanza kunitazama. Wanadhani naumwa.

Zile aya nne nimeziandika. Katika ya mwisho nimeliweka swali lako bila kumtaja mwenyewe: bila yeye, wangefungwa ngapi? Mhariri amelipitisha. Kwa hiyo kura yangu ya kweli imechapishwa sasa, mahali ambapo haiwezi kukuonyesha kwa mtu, na ni yako, kama ilivyokuwa siku ile dirishani nilipokuwa nikiipinga.

Barakoa iko hapa mbele yangu, juu ya karatasi. Mwenye kuisoma barua hii mle ndani, kwa simu waliyosahau kuichukua, na akamwona msichana wa Likoni anayekaa amechuchumaa hata penye kiti, amsomee.

Na wewe, ukifika, usijisumbue na maneno. Mwambie mama anipigie, aseme tu umeinua kidole. Ngumi yangu iko juu ya goti tangu juzi, na sitaifungua mpaka uniambie.

Kaka yako